Alama za bomba la gesi lililo juu ya ardhi mashambani: aina tano za sokoni na ipi inunuliwe

Mwenye kipande cha bomba la gesi kinachopita juu ya ardhi mashambani huko Marekani hana haja ya kununua kila kilichomo kwenye katalogi. Vitu viwili vinamtosha: nguzo ya mviringo ya poliethilini pale bomba linapoibuka na pale linapozama tena ardhini, na ganda la plastiki la kufungia kwenye bomba lenyewe katikati ya hapo. Nguzo bapa ya faibaglasi na bango la chuma vina mahali pake, ila si kila mahali. Kibandiko cha gundi, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote, ndicho cha mwisho kwa ubora.

Kipimo chenyewe ni kifungu cha 192.707 katika juzuu ya 49 ya Kanuni za Shirikisho, zinazosimamiwa na PHMSA, wakala wa usalama wa mabomba ulio chini ya Wizara ya Uchukuzi. Aya ya (c) ni fupi: alama ziwekwe na zitunzwe kwenye kila kipande cha bomba kuu la usambazaji au la kusafirisha gesi kilicho juu ya ardhi, mahali ambapo umma unaweza kufika. Misamaha ambayo watu huikumbuka upesi, ule wa chini ya maji na ule wa maeneo yenye nyumba nyingi, imo katika aya ya (b), na aya hiyo inahusu mabomba yaliyofukiwa peke yake. Kwa hiyo anayesema "huku ni Daraja la 1, nyumba zenyewe hazifiki kumi, alama ya nini?" amesoma aya isiyomhusu. Daraja la 1 ni eneo lenye majengo 10 au pungufu yanayokaliwa na watu, ndani ya ukanda wa mita 200 kila upande wa bomba kwa urefu wa maili 1. Daraja la 2 ni zaidi ya 10 lakini hayafiki 46. Madaraja hayo yanaamua mengi, yakiwemo unene wa bomba na idadi ya doria, lakini hayaondoi wajibu wa kuweka alama juu ya ardhi.

Mabomba ya kukusanya gesi kutoka visimani ni habari nyingine kidogo. Tangu Mei 2022, yale ya Daraja la 1 yenye kipenyo cha nje cha inchi 8.625 na zaidi yameingizwa chini ya kanuni, na baadhi yake yanadaiwa alama hizihizi. Misamaha ipo, na inategemea kipenyo na ukaribu wa majengo, basi kifungu cha 192.9 kisomwe kabla ya kuagiza chochote.

Bidhaa nyingi hukwama kwenye aya ya (d), inayoeleza maandishi. Kila alama iwe na neno WARNING, CAUTION au DANGER, likifuatwa na GAS PIPELINE au jina la gesi inayopita pamoja na neno PIPELINE. Herufi hizo ziwe na kimo cha angalau inchi 1, yaani milimita 25, na mstari wa herufi uwe na unene wa robo inchi, milimita 6.4, juu ya rangi inayotofautiana nayo vikali. Kisha jina la mwendeshaji na namba ya simu yenye msimbo wa eneo, ambako anapatikana saa zote. Msamaha wa ukubwa wa herufi umetolewa kwa maeneo ya mjini yaliyojengeka sana, na hayo tu. Shambani hakuna njia ya kukwepa.

Kimo cha herufi kila muuzaji anakijua. Unene wa mstari ndio unaowashinda. Milimita 6.4 kwa herufi ya milimita 25 ni karibu robo ya kimo, yaani herufi nene kwelikweli. Herufi za kawaida za mabango huwa na mstari wa moja ya sita ya kimo au mwembamba zaidi. Ukizichapa kwa milimita 25 unapata mstari wa milimita 4 hivi, na alama imeshafeli kabla haijatoka kiwandani. Ili mtindo huo wa herufi ufikie 6.4, kimo lazima kipande hadi karibu milimita 38. Ndiyo maana alama "inayokidhi kanuni" kwenye karatasi ya muuzaji hupimwa kwa rula pande zote mbili: kimo cha herufi, na upana wa mguu wa herufi I. Dakika moja inatosha.

Jambo jingine ambalo katalogi hazisemi: kanuni haikutaja kimo cha namba ya simu. Imetaka isomeke tu. Wachapaji huutumia mwanya huo kubana jina na namba kwenye sentimita mbili za mwisho. Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani hutumia uwiano wa inchi 1 ya herufi kwa kila futi 30 za umbali wa kusomea. Kwa uwiano huo maneno ya milimita 25 yanasomeka kutoka mita 9 hivi, na namba ya milimita 10 kutoka mita tatu na nusu. Bomba likiwa linavuka korongo, nani atalisogelea kwa mita tatu na nusu? Namba ichapwe kwa milimita 25 kama maneno mengine. Nafasi ikikosekana, punguza nembo ya kampuni. Nembo haijawahi kupokea simu ya gesi inayovuja.

Sasa bidhaa zenyewe.

Kibandiko cha vinili chenye gundi hupendwa kwa sababu hakihitaji kuchimba wala kufunga. Kwenye bomba safi la ndani ya jengo kinafanya kazi vizuri. Nje kinashindwa kwa namna ambazo mtu anaweza kuzitabiri. Gundi ya kawaida inataka uso mkavu, uliopanguswa kwa alkoholi ya isopropili, na hali ya hewa isiyo ya baridi kali. Vibandiko vingi haviruhusiwi kubandikwa chini ya nyuzijoto 4 hadi 10, na namba kamili imo kwenye karatasi ya kiufundi ya gundi husika. Bomba lililotoka tu kwenye kipunguza shinikizo huwa baridi, kwa kuwa gesi asilia hupoa takriban nusu nyuzijoto kwa kila bar moja inayoshuka. Shinikizo likishuka kwa bar 30, bomba linatoka jasho au kuganda barafu hata siku ya jua, na hapo hakuna gundi itakayoshika. Upande wa kutokea wa kituo cha kushindilia gesi shida ni kinyume: joto hulainisha gundi na kibandiko huteleza kidogokidogo.

Kosa kubwa zaidi la kibandiko liko chini yake. Kingo zikiinuka, maji huingia na hayatoki, na chuma huanza kula kutu mahali ambapo jicho halifiki. Kifungu cha 192.481 kinataka bomba lililo wazi kwa hewa likaguliwe kutu angalau mara moja kila miaka 3 ya kalenda, bila kupitisha miezi 39, na kinataja kwa jina sehemu za kuangaliwa kwa makini: linapotoka ardhini, chini ya vihami joto, chini ya rangi iliyobanduka, penye vishikilio, na panapovuka juu ya maji. Kibandiko kilichoachia kingo ni maficho yaleyale. Mkaguzi makini atakibandua, na kikishabanduliwa hakirudi. Kwa hiyo kila mzunguko wa ukaguzi unanunua kibandiko kipya, unasugua gundi iliyobaki, na mara nyingi unapaka rangi upya. Urahisi wake ni wa siku ya kwanza tu.

Kama ni lazima kitumike, kwa mfano kwenye vali ndani ya uzio, basi rangi ya bomba iwe imekauka kwa muda wote aliouandika mtengenezaji wa rangi, kingo zote zipitiwe na rola, na kibandiko kikatwe pembe za mviringo. Pembe kali ndizo zinazoanza kuinuka.

Ganda la plastiki linalojikunja lenyewe kuzunguka bomba ni bidhaa bora kwa kazi hii, na ndilo linalostahili maneno mengi. Kwa mabomba membamba, ganda huja limekunjwa tayari na hujibana lenyewe; kwa mapana, huja kama shiti linalofungwa kwa mikanda kwenye ncha zote mbili na, likiwa refu, katikati pia. Sifa yake kuu ni kwamba hutoka na kurudi. Mkaguzi wa kutu anakata mikanda, anatazama chuma, anafunga mikanda mipya. Hakuna gundi wala rangi iliyochubuliwa.

Lina hila zake, hata hivyo. Poliethilini hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi ya chuma. Ganda lililofungwa kwa kukazwa alfajiri yenye baridi hulegea saa saba mchana, na upepo ukilikuta limelegea unalizungusha. Baada ya miezi kadhaa maandishi yanatazama ardhi, au mbingu, na huku ganda limekuwa likisugua rangi ya bomba kila siku. Dawa ni mbili. Kwanza, nunua lililochapwa maneno yaleyale mara tatu kuzunguka mduara, ili likizunguka bado upande mmoja unasomeka. Pili, funga wakati bomba lina joto la wastani, si baridi wala jua kali, na ukaze hadi ganda lisisogee kwa mkono, usipite hapo.

Mikanda ya kufungia isipuuzwe. Ile myeupe ya nailoni hupasuka kwa jua mapema sana. Nunua nyeusi iliyotiwa kaboni na kuandikwa kwamba inahimili miale ya jua. Mikanda ya chuma cha pua hudumu zaidi, lakini ukingo wake hukata rangi, na chuma cha pua kikigusa chuma cha kawaida penye unyevu huharakisha kutu ya kile cha kawaida. Watu huweka mpira chini ya mkanda kuzuia hilo. Mpira nao hushika maji. Nailoni nyeusi, ikibadilishwa kila ukaguzi wa kutu, ni chaguo salama.

Ganda lenye urefu wa sentimita 30 linafaa kwa bomba la inchi 2.5 hadi 6. Kwa bomba la inchi 12 na zaidi, chagua lenye urefu wa sentimita 80 hivi na herufi za milimita 89. Hivyo ndivyo vipimo vya kiwango cha A13.1 cha ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ambacho kimeandikwa kwa ajili ya viwanda na hakilazimishi bomba la shambani, lakini kwa bomba nene ni busara kukifuata: herufi ya milimita 25 juu ya bomba pana hupotea kabisa ukiwa ng'ambo ya mto.

Nguzo ya mviringo ya poliethilini, yenye kipenyo cha inchi tatu na nusu hivi na kofia juu, inasomeka kutoka pande zote, haina ncha za kukata mkono, na ikigongwa na tela la nyasi huinama na kurudi. Inachimbiwa sentimita 45 hadi 60, na lazima iwe na pini au bawa la nanga chini, vinginevyo ng'ombe akijikuna juu yake kwa wiki mbili inalala. Adui yake ni moto. Katika maeneo kama Flint Hills ya Kansas, ambako nyasi huchomwa kila majira ya kuchipua, nguzo ya plastiki huyeyuka pale chini na kuanguka. Dawa ni kufyeka na kuweka kokoto kwa nusu mita kuizunguka, au kutumia chuma.

Nguzo bapa ya faibaglasi ni nafuu, nyepesi, na hupigiliwa ardhini bila shimo. Upana wake wa kawaida ni karibu milimita 95. Pima: neno WARNING kwa herufi za milimita 25 zenye mstari wa 6.4 linahitaji karibu milimita 140 likilala. Haliingii. Kwa hiyo wachapaji wazuri hulisimamisha literemke na nguzo, na wabaya hupunguza herufi ili liingie. Hili la pili ni la kurudisha dukani. Jua nalo hula utomvu wa juu hadi nyuzi za kioo zinachomoza. Anayeishika bila glavu atajua. Ikifikia hapo kibandiko cha maandishi hakishiki tena, na nguzo ibadilishwe nzima.

Bango la chuma au alumini kwenye nguzo ya chuma ndilo kubwa na ndilo linaloonekana mbali kuliko yote. Kwenye kingo mbili za mto ambapo bomba limening'inia, halina mshindani. Tatizo lake shambani ni risasi. Wawindaji hulijaribia bunduki, na tundu likipita kwenye namba ya simu bango limekufa hata kama limesimama imara. Kuharibu au kuondoa alama hizo kwa makusudi ni kosa la jinai la shirikisho, faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, lakini sheria hairudishi tarakimu iliyotobolewa. Namba ichapwe mara mbili, juu na chini ya bango. Ni hila ndogo yenye faida kubwa.

Rangi: kanuni haikulazimisha njano. Imetaka tofauti kali kati ya herufi na nyuma yake. Hata hivyo njano ndiyo rangi ya gesi katika utaratibu wa kuchora alama za miundombinu ya chini ya ardhi, na weusi juu ya njano hudumu. Wekundu juu ya weupe unapendeza siku ya kwanza, kisha wino mwekundu hufifia kabla ya mwingine wowote na kuacha waridi hafifu juu ya kijivu. Hapo ule mpingano mkali haupo tena, na alama haikidhi kanuni ingawa kila neno bado lipo.

Ni ngapi zinunuliwe? Aya ya (c) haitaji mita. Inasema kwenye kila kipande, basi, na nafasi kati ya alama huwekwa na mwendeshaji katika mwongozo wake wa uendeshaji na matunzo. Mpango unaofanya kazi ni huu: moja kila bomba linapoibuka na kuzama, moja kila upande wa barabara, njia ya miguu au lango la uzio linalolikaribia, na kati ya hizo ziwe karibu kiasi kwamba aliyesimama kwenye alama moja anaiona inayofuata bila kutafuta. Kwenye kituo kilichozungushiwa uzio, kila upande unaofikika upate yake. Bango moja langoni halimsaidii anayekuja kwa nyuma kupitia shamba la jirani.

Alama pia haichukui nafasi ya kizuizi. Kifungu cha 192.317 kinataka bomba lililo juu ya ardhi likingwe dhidi ya magari, kwa kuliweka mbali nayo au kwa kuweka vizuizi. Nguzo ya plastiki kando ya njia ya trekta haizuii chochote, hata iwe ya njano namna gani.

Wakati wa kusimika, hatari yenyewe iko kwenye ule mwisho wa kipande. Pale bomba linapozama ndipo nguzo inapotakiwa, na ndipo mtarimbo unapoweza kulikuta sentimita chache chini. Piga 811, namba ya kitaifa ya kuomba mabomba na nyaya zilizofukiwa zionyeshwe kabla ya kuchimba, hata kwa shimo la nguzo moja na hata kama bomba ni lako. Katika majimbo mengi ni siku mbili au tatu za kazi mapema. Kisha simika nguzo kando ya mstari wa bomba, chimba kwa mkono, na usipigilie nguzo ya chuma kwa nyundo nzito karibu na kona ya bomba. Namba ya 811, kwa njia, inaweza kuongezwa kwenye alama, lakini haitoshelezi sharti la namba ya mwendeshaji. Aliyeko 811 hapokei dharura ya gesi.

Kitu kinachochakaa upesi kuliko plastiki yoyote ni hayo maneno ya chini: jina na namba. Kampuni huuzwa, majina hubadilika, na nguzo yenye afya njema inabaki ikielekeza watu kwa ofisi isiyokuwepo. Kwa hiyo nunua nguzo ambayo sehemu ya jina na simu ni kibandiko cha peke yake, kinachobadilishwa bila kugusa onyo la juu. Kwenye nguzo laini ya kiwandani gundi hushika vyema kuliko kwenye bomba lililopakwa rangi kwa brashi. Doria ndiyo nafasi ya kuyakagua: kwa mabomba ya kusafirisha ya Daraja la 1 na 2, penye barabara kuu na reli ni angalau mara mbili kwa mwaka bila kupitisha miezi saba na nusu, na kwingineko mara moja kwa mwaka bila kupitisha miezi 15. Mpiga doria apige ile namba iliyoandikwa palepale, na angalau mara moja ipigwe usiku, kwa sababu "saa zote" ni pamoja na saa nane za usiku wa Jumapili.

Vibandiko vya akiba visiagizwe kwa wingi. Gundi huzeeka ikiwa bado kwenye karatasi yake, na watengenezaji wengi huiandikia mwaka mmoja au miwili ikihifadhiwa mahali pakavu pasipo joto. Sanduku lililoachwa nyuma ya gari la kazi majira yote ya joto lihesabiwe limeharibika, hata kama halijafunguliwa.